Kisima Alichochimba Nyanya Nyuma ya Jikoni

Majuzi nyanya yangu alichimba kisima nyuma ya jikoni yangu hapa mjini Wote, na tangu siku hiyo nikipita pale natazama chini kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini ili uielewe aibu yangu, rafiki, lazima kwanza nikupeleke mtoni.

Mto wetu ulikuwa upande wa Matiliku, na mgeni angesimama katikati yake akauliza mto wenyewe uko wapi. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe na mpana, uliochoma nyayo kufikia saa nne. Mvua ikinyesha milimani maji yalishuka kwa kishindo, yakapita siku chache, kisha yakazama. Watu wa mbali walisema mto umekauka. Sisi tulijua umejificha tu. Mchanga ule ulikuwa kama sifongo kubwa: uliyanywa maji ya mvua na kuyafunika jua lisiyaone, na kiangazi chote tuliyafuata huko chini.

Tulishuka alfajiri, nyanya mbele, mimi nyuma na punda. Kengele ya punda ililia, mitungi mitupu ikagongana ubavuni mwake, na kanga wakakimbia vichakani wakipiga kelele kama wanawake walioibiwa kuku. Nyanya alibeba mtungi wake mgongoni, ukanda wake ukimkaza kwenye paji la uso, na hata leo alama ya ukanda ule anayo. Tukifika aliondoa matawi ya miiba yaliyokizingira kisima chetu, akapiga magoti, akateka maji ya kwanza yenye vumbi na kuyamimina kando kwa ajili ya ndege. Kisha alikaa.

Kukaa huko ndiko kulikonishinda. Mtoto anaona maji yamechungulia, anataka kuchota. Nyanya alinishika mkono. "Acha mchanga upumue," alisema. Ukichota kwa pupa kuta za kisima huporomoka, na unarudi nyumbani na matope. Ukisubiri, maji yanakuja yenyewe, polepole, safi, baridi kama yametoka mtungi wa udongo. Tulichota kwa kata, kibuyu kilichokatwa nusu. Tukimaliza hatukukomba chini. Tuliacha maji kidogo, tukarudisha miiba, na kata tukaiacha imefunikwa juu ya jiwe ili atakayekuja baada yetu asiteke kwa mikono. Sikuwahi kusikia kwamba kata ya mtu imepotea.

Nyumbani maji hayo hayakufanya kazi moja. Yaliyosuuza mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi yalikwenda kwa mbuzi. Yaliyonawa mikono baada ya muthokoi na mbaazi yalikwenda kwenye mpapai. Yaliyoosha miguu jioni yalinyunyizwa uwanjani asubuhi kabla ya kufagia, na harufu ile ya vumbi lililolowa, ikichanganyika na moshi wa jikoni, ndiyo harufu ninayoiita nyumbani. Sikumwona nyanya akimwaga maji mahali pasipo na mdomo wala mzizi.

Kisha kukaja kiangazi kibaya, kisima chetu kikachoka. Nyanya alichimba hadi akaingia mabegani, asipate kitu. Nikamwambia kwamba kwenye kona ya mto, nilikokuwa nikichunga mbuzi, kuna nyasi kidogo ambazo hazijageuka rangi. Alinitazama muda mrefu. Tulikwenda, akaokota konzi ya mchanga, akaunusa, akaanza kuchimba. Maji yalikuja kabla hajafika kiwiko. Majirani walikiita kisima cha mtoto, na msimu ule wote walichota hapo. Jumapili nyanya alisimama kanisani kutoa shukrani, akanielekezea kidole mbele ya watu wote: "Huyu bwanangu mdogo ana jicho la maji." Watu walicheka kwa vile alivyoniita bwana, kama nyanya wanavyowaita wajukuu wao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevimba kifua hadi nikahisi vifungo vya shati vitakatika.

Sasa turudi hapa Wote. Nina nyumba, mfereji ndani, tangi juu ya mnara, na kata ile ya mtoni nimeitundika sebuleni kama pambo. Mtaa wetu hupata maji kwa zamu, na jirani yetu wa upande wa chini, mama wa Kiislamu anayeuza mahamri karibu na stendi, amekuwa akilalamika mwaka huu wote kwamba zamu yake ikifika, mfereji wake unatoa upepo tu. Nilimwonea huruma. Pamoja naye nililaumu kampuni ya maji, mikono kiunoni, kwenye ua.

Nyanya alikuja kufanyiwa upasuaji wa macho hospitalini. Asubuhi baada ya kuondolewa bandeji alitoka nje, akasimama nyuma ya jikoni, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya ukungu wa miaka kilikuwa kijani. Kila mahali mtaani nyasi zilikuwa za rangi ya mkate. Pale kwangu zilikuwa nzito, zenye umande, na sukuma wiki yangu ilikuwa na majani ya kufunika sinia. Mimi nilikuwa nimezoea. Wageni waliisifu, nami nilitabasamu.

Nilipotoka na chai nilimkuta amepiga magoti, jembe kando, kata ameitoa ukutani, na mbele yake shimo lenye maji.

"Bwanangu!" aliita. "Kuja uone! Umejenga juu ya maji na hukuniambia?"

"Susu," nilimwita kama tunavyowaita nyanya kwetu, "ngoja kidogo..."

"Nilijua. Hukupoteza jicho lako. Mke mwenzangu yuko wapi? Alete mitungi!"

Mke wangu, ambaye nyanya humwita mke mwenza tangu siku ya harusi, alikuja mlangoni, akatazama shimo, akanitazama mimi. Mama wa mahamri naye alikuwa amesikia. Alipita kwenye uwazi wa ua na ndoo mbili.

"Mashallah, bibi! Maji hapa hapa? Na mimi navyonunua ya mkokoteni kila siku!"

"Keti, mama," nyanya alimwambia. "Usichote kwanza. Acha mchanga upumue."

Wakaketi wote wawili ukingoni, wakisubiri, wakicheka kama wasichana. Nami nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi, na nilijua. Bomba kutoka kwenye mita hadi kwenye tangi linapita chini ya zile nyasi. Tangi lilikuwa likichukua muda mrefu kujaa. Dalili zote nilikuwa nazo. Ningeweza kunyamaza. Nyanya angerudi nyumbani na habari tamu ya kupeleka kanisani, na mimi ningeliziba bomba polepole akishaondoka. Lakini mama yule alikuwa ameshika ndoo yake tupu magotini.

Nilikwenda kwenye mita nikafunga koki. Nikarudi, nikaketi nao. Nyanya alichota kata ya kwanza, akaimimina kando kwa ajili ya ndege. Akasubiri. Akachota ya pili kwenye ndoo ya jirani. Akasubiri tena. Maji hayakupanda.

"Kimechoka mapema," alisema, na akaingiza mkono kunusa mchanga.

"Si kisima, Susu. Ni bomba langu limepasuka. Nimelifunga sasa hivi."

Mama wa mahamri aliangalia sukuma wiki yangu, jani kwa jani, kisha akaangalia mfereji wake upande wa pili wa ua. Sikuhitaji kumweleza. Maji yaliyopaswa kumfikia yalikuwa yakinywewa na nyasi zangu.

"Limepasuka lini?" nyanya aliuliza.

"Sijui. Labda tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuona kijani?"

"Niliona."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Aliinama, akakomba yale yaliyobaki chini ya shimo, matope na yote, akayamimina kwenye ndoo ya jirani. Sikuwahi kumwona akikomba kisima. "Yakitulia utafulia," alimwambia mama wa watu. Kisha akanirudishia kata bila kuniita bwanangu.

Nililiziba bomba siku hiyo hiyo, na kazi si ngumu, hata wewe unaiweza. Funga mifereji yote ya nyumba na koki ya tangi, tazama mita, kanywe chai, urudi uitazame tena. Kigurudumu cha mita kikisogea, maji yako yana njia usiyoijua. Fuata bomba kwa miguu ukitafuta mahali palipo laini au pa kijani. Choo nacho kikague: tia chai kali kwenye tangi la choo bila kulivuta. Ukiona rangi bakulini, mpira wa ndani umechakaa, na ni kitu kidogo cha dukani. Penye ufa kata kipande kibovu, safisha na ukaushe ncha, paka gundi, unga. Halafu subiri. Wengi wetu hufungua maji gundi ikiwa bado mbichi, na kiungio kinatapika. Usione haya kuanza leo. Mimi ningeiona haya hiyo mapema, ingenisaidia.

Niliporudi Matiliku kumsalimia nyanya nilishuka hadi kwenye kona ya kisima cha mtoto. Hakuna mchanga. Malori yaliuchota miaka yote hii, wa kujengea miji yetu, na mvua ikinyesha sasa maji hupita juu ya mwamba na kwenda zake jioni ile ile. Hakuna jiwe la kuwekea kata. Nilikumbuka lundo la mchanga uwanjani kwangu siku mafundi walipoanza kujenga, jinsi nilivyochukua konzi nikaunusa, na nikakataa kujiuliza umetoka mto gani. Uko ndani ya kuta zangu sasa, na haushiki tone.

Siku hizi mfereji wa jirani hutoa maji zamu yake ikifika, na nikisikia ndoo yake ikijaa naacha ninachofanya nisikilize. Yeye hunisalimia. Mahamri bado ananiuzia, ila hajapita tena kwenye uwazi wa ua. Wiki jana nyanya alipiga simu. Aliulizia watoto, akamuulizia mke mwenzake, kisha akauliza:

"Na kile kisima chako?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo nyuma ya jikoni. Nyasi zilikuwa za rangi ya mkate kama za kila mtu.

"Kimekauka, Susu. Kabisa."

"Haya," alisema. "Vizuri, bwanangu."