Herufi Tano za Ndaya

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, ukungu bado umelala juu ya reli za Kamina, na Élisa ameshaketi mlangoni mwa nyumba ya kufulia, shuka magotini, sindano mkononi. Anatarizi kwa uzi mwekundu jina la mtu asiyemjua, ili nguo zikitoka kambani zisiende kwa mwingine.

Mashuka themanini hupita mikononi mwake kila wiki. Kwa miaka tisa ametarizi majina ya nusu ya mji, na hajui kusoma hata moja. Usicheke. Anapewa karatasi, anaiga mstari kwa mstari kama wengine wanavyoiga maua, na hajawahi kukosea. Noémie, mpiga pasi, anasema Élisa akitarizi usimsemeshe, kwa sababu hayupo.

Yuko wapi? Mwenyewe anatabasamu. Yuko Kinkondja kwa marehemu bibi yake, kando ya ziwa, kwenye moshi wa samaki wanaokaushwa. Bibi huyo aliitwa Ndaya, na mjukuu akapewa jina hilo hilo. Élisa ni la ubatizo tu; Ndaya ndilo aliloitikia mpaka alipoolewa na Lazare, karani wa reli, mtu wa kanisa na tai shingoni. Tangu siku ile akawa Madame Lazare: kwa majirani, kwa mchungaji, dukani. Na alilipenda, msimdhanie vibaya. Katika Kamina ya mwaka huu wa 1956, Madame ni jina la kutembea nalo kifua mbele.

Baada ya miaka kumi na mmoja Lazare alihamishiwa Luena, akapata mke mwingine huko, na mwaka jana baraza likaivunja ndoa. Akaja kuchukua kitanda, baiskeli na taa. Jina lake akaliacha. Watu wakaendelea kumwita mama huyu kwalo, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndipo ndoto ikaanza. Bibi anafika na kapu la samaki, anapita nyumba kwa nyumba akiuliza Ndaya anakaa wapi. Watu wanamjibu kwamba hapa hakuna Ndaya. Élisa yumo ndani, anasikia kila neno, anataka kuitika, sauti haitoki. Bibi anajitwika kapu lake, anakwenda zake.

“Minaamuka, arufu ya samaki iko mu nyumba,” anasema polepole. “Halafu minalia. Sababu siku moja atachoka kunitafuta.”

Sasa Jumatatu inayokuja ofisi ya serikali inaandika upya vitabu vya wakazi. Kila mtu alete jina lake, na litakaloingia kitabuni ndilo atakalozikwa nalo. Wiki hizi hizi akina mama wa kanisa waliagizwa kila mmoja atarizi jina lake kwenye blauzi nyeupe. Élisa aliona mambo mawili yamekutana. Akaenda kwa baba Kitwa, mzee anayeandikia watu barua kwenye meza yake karibu na stesheni.

Alimwambia hivi: “Baba, uniandikie jina yangu. Ile ya kisha kuachana na Lazare.” Alitaka jina la baada ya ndoa, lakini Ndaya hakulitaja. Nani hutaja jina ambalo ni lake? Na baba Kitwa, ambaye hajawahi kulisikia, hakuuliza. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukauke.

Élisa alitarizi jioni tatu mfululizo. Ilimshangaza jina kuwa refu vile. Alifurahi pia, akidhani bibi yake alikuwa mtu mkubwa kuliko alivyojua.

Jumapili iliyopita aliingia kanisani na blauzi yake. Mwalimu Salomé, jirani yake wa benchi, alisoma, akasoma tena, akamshika mkono na kumtoa nje taratibu. Kifuani pameandikwa “Ex-Madame Lazare”, yaani aliyekuwa mke wa Lazare.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Barabara nzima alikuwa amelitembeza jina lile, akisalimia watu! Alivua kitambaa cha kichwani akajifunika nacho. Baba Kitwa alipofuatwa, naye aliumia kwelikweli. “Mama, nilizania njo heshima,” alisema. “Weye ulisema kisha kuachana. Minyi ningejua namna gani?”

Jioni ile Salomé aliandika herufi tano kwa chaki kwenye sakafu ya kibaraza cha nyumba. Élisa aliinama, akazitazama kwa muda mrefu. N ni ya mashuka ya daktari. D ni ya mwoka mikate. Y ni ya yule mfanyabiashara Mgiriki, na A iko karibu kila pembe ya kila shuka. Miaka tisa yote alikuwa akitarizi jina lake, herufi moja moja, kwenye vitanda vya watu wengine.

Leo shuka likimalizika, Élisa anaifunua blauzi na kumalizia kuitarizi Ndaya. Uzi wa zamani ameufumua wote, lakini matundu ya sindano yamebaki, na herufi tano hazitoshi kuyafunika. Noémie alimshauri anunue kitambaa kipya. Amekataa. Miaka kumi na mmoja aliiishi yeye, anasema, si mwingine.

Jumatatu ataivaa kwenda ofisini, bila karatasi ya mtu. “Karani akiuliza jina, nitasema na kinywa yangu: Ndaya. Akikosa kusikia, asome hapa.” Kisha anataka Salomé amfundishe herufi zilizobaki, na atatarizi kitambaa cha kutundika mlangoni kwake, kisemacho Ndaya anakaa hapa. Ndiyo, anajua bibi hakusoma. Lakini watu atakaowauliza njiani wanasoma.

Anakata uzi kwa meno. Ndani pasi zimeshapata moto, mashuka yanangoja, na Noémie anaita, kwa mara ya kwanza bila kujikwaa kwenye Madame: “Ndaya!”

“Niko!” Ameitika kabla hajainua kichwa.