Maranda Ndani ya Giaboksi

Marsela alikuwa amevumilia mengi tangu aolewe na dereva. Miaka yote ambayo mumewe Modest alipeleka watalii Ngorongoro, alirudi nyumbani Mbulumbulu akinuka dizeli na jasho, naye alifua bila kulalamika. Lakini asubuhi ile ya masika alipofungua mlango wa jiko la nje, harufu ilimpiga kifuani kama yai viza lililopasuka. Alirudi nyuma, akaziba pua kwa kanga.

Giaboksi ya pikapu yao ilikuwa imelazwa sakafuni, juu ya magunia, pale anapokaa akichambua maharage. Modest alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono myeusi hadi viwikoni. Oili nzito ilikuwa ikichuruzika ndani ya sufuria.

"Baba Angela, hiyo ni sufuria yangu ya makande!"

"Nje mvua, Mama Angela. Matope yakiingia humu, kazi yote bure. Nitaisugua."

"Usugue nini? Itupe. Sitaipikia tena mimi."

Akabaki mlangoni, hasira na kichefuchefu vikimpanda kwa pamoja. Angependa kuondoka, ila alijua kwa nini kazi ile haikungoja. Juma lililopita, wakiteremka Rhotia na binti yao Angela mjamzito ameketi mbele, gari lilitema gia ya tatu katikati ya mteremko. Likaanza kukimbia lenyewe. Modest alikanyaga breki hadi zikatoa moshi, wakaja kusimama pembeni ya korongo. Angela alitapika kwa hofu. Tangu siku hiyo gari halikutoka uani. Modest na jirani yao Hhando wakaishusha giaboksi.

Modest aliingiza vidole ndani na kuchota kitu. Akachota tena, akakipangusa kwenye gunia. Ulikuwa uji mweusi wenye nyuzinyuzi, kama kinyesi cha mnyama mgonjwa.

"Nini hicho?" Marsela aliuliza.

"Uchafu tu."

"Uchafu gani?"

Mumewe aliinamisha kichwa. Marsela akasogea, pua bado imezibwa, akakisugua kile kitu kati ya vidole viwili. Punje zilikuwa laini, nyepesi. Alikuwa dada wa seremala. Maranda ya mbao aliyajua vizuri.

"Wanachanganya na grisi," Modest alisema taratibu. "Gia zilizolika zinanyamaza. Mnunuzi akijaribu gari, halilii kabisa. Baada ya miezi michache maranda yanasagika, na meno yanaonekana yalivyo."

Pikapu waliinunua kwa Yohani, mdogo wake Marsela, seremala wa Karatu mjini. Siku ya kukabidhiana aliongoza sala, akaweka mkono juu ya boneti.

"Ulijua?" Marsela alimuuliza mumewe.

"Nilihisi tangu juzi. Ni ndugu yako. Ningesemaje?"

Marsela alifunga tonge la uji ule kwenye mfuko wa plastiki, akavaa gambuti na kwenda barabarani kusubiri usafiri. Alipofika kwenye karakana, Yohani alikuwa anakunywa chai. Alimchangamkia, akamsogezea andazi kwa mkono wake mwenyewe. Marsela akaweka mfuko mezani, akaufungua. Uvundo ukajaa kote.

Yohani alitazama, kisha akacheka.

"Aa, dada! Hiyo ndiyo biashara ya magari. Kila mtu anafanya. Na shemeji ni dereva wa siku nyingi, si angekagua?"

"Hakukagua kwa sababu lilikuwa lako."

"Kwani halikutembea? Mmebebea maharage tangu mavuno."

"Angela alikwambia lilivyotema gia Rhotia?"

"Alinipigia simu. Nikamwambia amshukuru Mungu." Akaumega andazi, akatafuna. "Nitawaombea."

Marsela aliiangalia ile midomo ikitafuna, mafuta yaking'aa kwenye ndevu. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa machozi, hata kwa ugomvi. Hakujiandaa kwa kicheko. Uso huu aliwahi kuufuta kamasi alipokuwa akimbeba mgongoni. Akatoka bila kuaga, na nyuma ya karakana akatema mate mara kadhaa.

Aliporudi nyumbani alikunja mikono ya sweta, akaketi kwenye gunia moja na mumewe. Harufu ilikuwa ileile mbaya. Akachukua gia moja moja, akaiosha kwa dizeli na kuchokonoa maranda kwa kijiti kutoka kwenye kila jino, huku akikunja uso. Ile ya tatu meno yake yalikuwa yamelika hadi kuwa mviringo. Modest alipata nyingine Arusha, iliyotumika lakini nzima, pamoja na beringi mpya. Mvua ilipotulia, yeye na Hhando waliipandisha giaboksi mahali pake. Gari lilitembea. Lilipiga mluzi kidogo, ila gia zilikaa.

Angela alijifungua salama. Yohani alileta zawadi, meza mpya iliyopigwa vanishi, akaishusha mwenyewe mbele ya wageni huku akisifiwa. Marsela alimpa asante, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Wageni walipoondoka alimwomba Modest washike pande mbili, wakaitoa nje, wakaiacha kwenye banda. Kuku walianza kulala juu yake jioni ileile, naye hakuwafukuza.