Wakili wa Ndugu Wasiojulikana

Mahakamani walimwita Mama Wasiojulikana. Mtu akifa bila jamaa anayefahamika, hakimu humteua wakili huyu awasemee ndugu ambao huenda wapo, huenda hawapo. Karani hakuchoka kumtania: "Mama, wateja wako wamefika leo?"

"Wamejaa benchi zima. Wewe tu ndiye usiyewaona."

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu alipewa faili la fundi saa aliyeacha nyumba ya vyumba viwili. Jirani yake, muuguzi mstaafu, ndiye aliyemlisha na kumwogesha miaka minne baada ya kupooza. Sasa aliiomba ile nyumba. "Hakuwa na mtu," alisema. "Angekuwa naye, si angekuja hata kumjulia hali?"

Wakili alimwamini. Hata hivyo aliomba miezi mitatu. Matangazo ya gazetini yalipoambulia patupu, akaenda chumbani kwa marehemu, jirani akamfungulia. Mezani palikuwa na saa za wateja, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Moja, ndogo ya kike, kikaratasi chake kilisema: "Ya dada. Nimpelekee mwenyewe." Mgongoni mwa saa palikuwa pamechongwa jina la chuo cha ualimu.

Jirani alikisoma, akakaa kitandani. "Hajawahi kumtaja," alisema. "Mtafute, mama. Hata kama nyumba itanitoka."

Wakili alifunga safari hadi chuoni. Siku mbili alipekua madaftari ya wahitimu akilitafuta jina la baba wa fundi, mpaka akalipata, na kwa kuulizia akamfikia dada mwenyewe. Dada alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye miwani mizito.

"Tuligombana kwenye msiba wa mama," alisema. "Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Maisha yake yote hakunisikiliza, akaja kunisikiliza kwa hilo." Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Siku ya kesi mwalimu alisimama. "Mheshimiwa, nyumba abaki nayo aliyemwogesha ndugu yangu. Mimi nitachukua saa yangu."

Hakimu akamgeukia wakili. "Una la kuwasemea ndugu?"

"Sina, mheshimiwa. Leo ndugu amejisemea." Kwa miaka yote ile, ni ndugu wachache mno waliowahi kupatikana.

Wale wawili walitoka wameshikana mikono, jirani akisimulia, mwalimu akimkatiza kila mara: "Halafu akasema nini?"