Mkalimani Alipotoka Chumbani

Kutoka Kasulu hadi Sydney nilisafiri kwa basi, treni na ndege tatu, na treni yenyewe ilitulaza Dodoma kwa sababu mvua ilikuwa imekata reli. Nilifika na cheti cha kidato cha nne na koti la kuazima. Nilianza kwa kupakua mizigo kwenye maghala ya karibu na bandari ya Port Botany, hadi nilipofaulu mtihani wa ukalimani wa Kiswahili na Kirundi.

Siku ya kwanza nilipelekwa Villawood, kwenye kituo wanakozuiliwa wahamiaji. Mratibu wa zamu wa wakala wetu wa wakalimani, mama wa Kizungu asiye na haraka, alinisimamisha mlangoni. "Kila kinachosemwa, kiseme," aliniambia. "Na akisema 'mimi', nawe useme 'mimi'." Ndivyo kazi ilivyokuwa. Mkalimani hasimulii kwamba fulani amesema hivi. Huivaa kauli ya mwenyewe. Mzee mmoja wa Kirundi alimtukana afisa, nami nikamtukana afisa huyo kwa Kiingereza, kwa adabu zote za kikazi.

Nilipita hospitali na mahakama, kisha nikapelekwa Parramatta kwa kampuni ya kupima maoni ya wapiga kura. Wao huketisha watu wachache mezani, mtafiti akauliza, na mteja akasikiliza nyuma ya kioo. Kule kupiga kura ni lazima, kwa hiyo anayetafutwa zaidi ni yule ambaye hajaamua.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Naibu wa kiongozi wa chama kimoja, ambaye sisi kwa mazoea ya nyumbani tulimwita mgombea mwenza, alikuwa ametangaza kwamba sheria ya kutoa mimba ikazwe. Mtafiti Mkuu alitaka kujua kama kauli hiyo itawasogeza wanawake wetu, Wakongo na Warundi.

"Amesema kweli," alisema Mama Riziki, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. "Mtoto ni wa Mungu."

"Lakini naibu hapiki, mama," jirani yake akamjibu. "Mpishi ni kiongozi. Huyu anashika mwiko tu."

"Na mpishi akiugua, nani atabaki jikoni?"

Walicheka. Neema, mhudumu wa wazee ambaye naye alisali kwetu, aliitikia "ni kweli" pamoja na wenzake.

Baadaye kila mmoja alihojiwa peke yake. Zamu ya Neema ilipofika, Mtafiti Mkuu alirudia swali, lakini Neema akanitazama mimi.

"Kaka, wewe si unaimba besi kwetu?"

Nililitafsiri hilo pia, kisha nikamwambia kwamba mkalimani amekula kiapo cha siri.

"Kiapo chako nakijua," alisema. "Na mkeo namjua."

Nikatafsiri. Mtafiti Mkuu aliweka kalamu chini.

"Mimi nilikuwa nimeshaamua," Neema akaendelea. "Yule alipotamka, nikawa sijui tena. Sababu ninayo. Ila ikifika kanisani, mimi na binti yangu hatuna pa kukaa."

Wazungu wa nyuma ya kioo hakuwajali. Aliyemfunga mdomo ni mimi. Nilimweleza Mtafiti Mkuu kwamba ninasali na huyu mama, na kwamba atafutwe mkalimani mwanamke wa mji mwingine, kwa simu.

"Ukitoka sasa, huenda tukampoteza," alisema.

"Nikibaki, mmeshampoteza."

Nilikaa kwenye korido kando ya mashine ya kahawa. Walizungumza kwa muda mrefu na mkalimani wa simu. Neema alipotoka aliniaga kama kawaida, akakimbilia kituo cha treni kuwahi shifti.

Mratibu aliniita kesho yake. "Wateja hawapendi mkalimani anayechagua kazi," alisema, na sikuitwa Parramatta tena. Ripoti yao sikuiona. Nikiulizwa na vijana kama msimamo wa mgombea mwenza huwasogeza wanawake, hujibu kwamba yule ulimsogeza. Hadi wapi, sijui.

Nimesema "mimi" za watu wengi, na nyingi nimezisahau. Mwaka jana miguu iliniwasha tena, tukafunga mizigo, mimi na mke wangu, tukarudi nyumbani moja kwa moja. Kwenye uwanja wa ndege Neema alikuja na binti yake. Mke wangu alipokwenda kupimisha mabegi, Neema alinisogelea.

"Ile kura nilipiga."

"Najua. Kule ni lazima."

"Huniulizi nilimpa nani?"

"Hapana."

"Ndiyo maana nimekuja kukusindikiza," alisema, akachukua begi langu dogo na kutangulia.