Usukani wa Nyuma wa Aukje

Aukje Hoekema alipeleka barua kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kijia wala shamba kati ya mji wetu wa Dokkum na ukuta wa bahari asilolijua. Lakini kwenye baiskeli ya watu wawili waliyoipanda na mumewe Hylke, yeye alikaa nyuma. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda. Hylke ni mrefu kama mlingoti, na Aukje akisimama mbele ya kaunta ya karakana yangu ya baiskeli naona kofia na pua tu. Marehemu baba yangu ndiye aliyewapima na kuwaundia baiskeli ile: mbele fremu ndefu, nyuma fremu fupi. Mrefu mbele, mfupi nyuma, mambo kwisha. Ndivyo tunavyofanya sisi mafundi wa hapa, na mimi nimefanya hivyo hivyo maisha yangu yote bila kuwaza.

Kila Jumapili, baada ya kanisa na kahawa, walikwenda kijiji cha Holwerd kwa dada yake Aukje. Mvua inyeshe, upepo uwapige usoni, walikwenda. Wengine wana bustani, wengine wana ugomvi na majirani. Hawa walikuwa na baiskeli.

Mwezi wa tatu Aukje alikuja akaweka viganja vyake juu ya kaunta.

"Gatze, mikono yangu inakufa ganzi. Nibadilishie usukani."

Kazi ndogo, nikasema. Usukani wa nyuma haugeuzi kitu. Umefungwa kwenye bomba la siti ya mbele, chini kidogo ya makalio ya Hylke, na mwenye kukaa nyuma anaegemeza mikono tu, miguu ifanye kazi. Nikamfungia ule mpana uliopinda kurudi nyuma, kama wa baiskeli za mabibi. Mgongo wima, mabega chini, raha mustarehe. Nilijisifu mwenyewe.

Jumatatu amerudi.

"Umeniweka mbali."

"Mbali na nini? Huko nyuma huna unachokiongoza."

"Nisogeze mbele, Gatze."

Nikamfungia ulionyooka. Akarudi. Nikamfungia wenye pembe mbili zinazochungulia mbele, ule wa vijana wa mashindano, huku nikimwambia kwamba mama wa miaka sabini na moja atavunjika kiuno. Akarudi na huo pia.

"Bado kidogo."

"Aukje, nikikusogeza tena utakuwa umekaa mapajani mwake!"

"Nimekaa huko miaka thelathini na tisa, hajalalamika."

"Nani kasema sijalalamika?" akadakia Hylke kutoka mlangoni. "Nililalamika sana. Hukusikia kwa sababu ya upepo."

Tukacheka wote. Lakini mimi nina hasira za karibu, na sipendi kazi yangu irudishwe mara tatu. Nikamwambia mama wa watu achukue spana ajifungie mwenyewe. Neno lile linaniuma hadi leo.

Walipoondoka niliung'oa ule usukani wenye pembe. Raba za vishikio vya usukani wa nyuma, kwa watu wote ninaowajua, huisha upande wa juu, panapolala kiganja. Za Aukje, zile za mwaka jana nilizokuwa nikizihamisha kila usukani, zilikuwa nzima juu. Zimeliwa chini, vidole vinne kila upande, vimezama hadi chuma kinaonekana. Mtu anayeegemea hashiki hivyo. Anayeshika hivyo ni mtu mwenye hofu.

Ndipo nikaanza kumtazama Hylke vizuri. Juma lililofuata nilimpa kikombe cha kahawa. Mkono wake ulikwenda kando ya kikombe, ukapapasa meza, ukakipata. Nilipomwonyesha kebo mpya ya breki akasema ni nzuri, na uso ameugeuza pembeni, kama kuku anayetazama punje.

Nikangoja mpaka ameenda kununua mkate.

"Tangu lini, Aukje?"

"Tangu lini nini?"

"Aukje."

Akavua kofia, akaikunja. "Novemba. Pembeni anaona. Katikati hamna kitu."

"Na Jumapili mnakwenda Holwerd!"

"Njia naijua mimi. Nikimgusa kiuno upande wa kushoto, anakata kushoto. Kulia, kulia. Nikivuta koti, anashika breki. Ila ili nimguse lazima niachie usukani, na nikiachia nayumba. Ndiyo maana nakwambia unisogeze, vidole vimfikie bila kuachia, wewe unaniletea habari za mgongo wima."

"Mlikubaliana lini hayo?"

"Hatujakubaliana. Siku ya kwanza nilimgusa tu, akakata kona. Hatujalitaja."

Nilimpandisha siti ya mbele hapo hapo, nione kama ataweza kuongoza yeye. Nilishusha siti hadi ikalala kwenye fremu, na bado miguu yake ilining'inia hewani. Baba yangu alipima sawasawa mno. Nikamwambia ziko baiskeli nyingine, mbele fupi, nyuma ndefu, wanazipanda wengi ambao mmoja wao haoni.

"Nimwambie nini nikimletea hiyo? Shuka, kaa nyuma? Mwambie wewe basi, fundi hodari."

Nikimfungia anavyotaka, nimewapeleka mwenyewe kwenye barabara ya malori ya maziwa. Nikikataa, watakwenda hivyo hivyo, naye ameachia mkono mmoja. Nimeshika spana tangu utoto na siku ile sikujua niiweke wapi. Nikamwambia aniachie baiskeli mpaka Jumamosi, ili tu apate kuondoka.

Ijumaa Hylke akaja peke yake kwa miguu, mkono mmoja ukipita ukutani.

"Usimfungie huo usukani."

"Kwa nini?"

"Jumapili lori limepita hapa." Akagusa kiwiko chake. "Sikuliona. Nililisikia limeshafika. Aukje hakupiga kelele, alishika tu. Siku moja nitamuua mke wangu, Gatze."

"Mwambie basi!"

"Unadhani sijajaribu? Tangu Novemba. Kila nikifungua mdomo, anavaa viatu vya baiskeli. Ataona mimi ndiye niliyemnyima Jumapili yake." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Sema wewe. Sema fremu ina ufa."

"Baba yangu hakuunda fremu ya kupasuka."

"Najua. Kwa hiyo sema uongo."

Nilimkatalia. Nikamkatalia tena. Akabaki amesimama tu, mzee mrefu vile, akiitazama kaunta yangu kwa pembeni, mpaka nikasema haya.

Jumamosi walikuja wote wawili. Aukje amevaa glovu mpya na ananiuliza kabla hajafunga mlango kama nimemsogeza vya kutosha. Baiskeli ilikuwa imening'inia kwenye ndoano, magurudumu yakikaribia sakafu. Nikasema haraka, kama anayemeza dawa:

"Fremu ina ufa. Haiwezi kuingia barabarani tena."

Aukje akaigeukia baiskeli.

"Wapi?"

Nikaweka kidole chini ya siti yake, kwenye bomba lisilo hata mkwaruzo. Hylke naye akasogea kusaidia. Akainama karibu na gurudumu la mbele, mbali kabisa na kidole changu, akageuza uso huku na huku juu ya bomba jingine.

"Ni huu hapa," akasema. "Nauona. Mkubwa huo, Aukje, ona mwenyewe."

Aukje alitazama kidole changu, akamtazama mumewe. Hakuja nilipo. Alikwenda akachuchumaa pale pale alipoinama Hylke, akavua glovu, akapitisha kidole kwenye rangi nzima.

"Ndiyo," akasema. "Nauona na mimi."