Nesi alisema ndugu yangu asiinuliwe, nikanyamaza

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi husoma tu hapa, siandiki. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, basi mnivumilie. Haya yalitupata wenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka minne iliyopita ndugu yangu mkubwa, Mutiso, alikuwa akichimba mchanga kwa mto mkavu kule Kivaa. Ukingo ukamporomokea mgongoni. Wenzake walimfukua kwa sepetu, wakampakia kwa lori juu ya mchanga uleule.

Hospitalini alikuwa bado anachezesha vidole vya miguu. Tukafurahi.

Lakini nesi aliniita kando, kwa sababu mimi ndiye niliyeachwa kumchunga. Alinieleza kwamba mshipa wa ndani ya uti wa mgongo umegongwa na unaanza kuvimba, na uvimbe huo huendelea siku mbili tatu. Uko ndani ya mfupa, hauna pa kupanukia, kwa hivyo unajikaba wenyewe. Alale chali, asiinuliwe.

Nilielewa vizuri. Hapo ndipo panaponiuma.

Kesho yake wakaja watu wa kanisa kutoka Mumbuni na jagi la uji, mbele yao shangazi aliyetulea. Alipoona vidole vikicheza, akasema Mungu ametenda, sasa Mutiso aketi anywe uji kama mwanaume. Mutiso mwenyewe akacheka, eti amechoka kuangalia dari.

Nikasema, "Shangazi, nesi amesema..."

"We Kioko, tangu lini unaongea?"

Watu wakacheka. Wakamshika makwapa wakamkalisha, nami nikashika kikombe.

Hakumaliza uji. Alisema miguu inakufa ganzi. Kufikia asubuhi vidole vilikuwa vimetulia, na vimetulia mpaka leo.

Nilimuuliza daktari kama ni kule kukalishwa. Alisema huenda, na huenda uvimbe ungemfikisha hapo hata angelala kimya. Hakuna atakayejua.

Shangazi yeye anajua. Anaambia watu kwamba hospitali ndiyo iliharibu mtoto. Anasema mbele yangu, na mimi namwongezea chai.

Mutiso aliniuliza mara moja tu: "Wewe ulikuwa umeambiwa?"

Nilisema hapana.

Wakuu, aliyeumia mgongo akichezesha vidole siku ya kwanza, msishangilie. Uvimbe haujamaliza kazi yake. Na wewe uliyeambiwa na nesi, sema, hata wakikucheka.

Kama kuna mtu hapa aliwahi kudanganya ndugu yake hivi, kisha akarudi kumwambia ukweli, naomba aniandikie alianzaje. Mimi nimejaribu kutoka Krismasi, nafika mlangoni kwake narudi.