Kiti cha Kushoto

Nilikubali. Baba aliponiambia nimwachie kaka yangu nafasi ya kujifunza urubani, nilisema, "Sawa, baba," nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Ningekataa siku ile angenuna, angegomba, kisha angezoea.

Nafasi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua cha kuosha ndege ndogo za injini moja kwenye uwanja ulio nje ya mji. Nilisugua wadudu waliokaukia kwenye mabawa. Nilijifunza kukinga mafuta kidogo kwenye kichupa na kutazama kama yameingia maji. Rubani mmoja, Mgiriki mzee aliyebeba watalii, alinipenda. Akirudi bila abiria alinikalisha kando yake na kuniachia usukani. Mwishowe akasema atanifundisha bure mpaka nipate leseni.

Lakini mimi ni kitinda mimba, na kwetu Waarusha kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. "Ukiruka wewe, mama yako utamwachia nani?" baba aliuliza. Kaka hakuwa na kazi. Nilimpeleka mwenyewe kwa yule Mgiriki.

"Huyu hata kuosha ndege hajui," mzee alininong'oneza.

"Atajifunza," nikasema.

Alijifunza. Tangu hapo, kila injini iliyopita juu ya nyumbani kwetu Moshono niliisikiliza kama ni yake, nimesimama kwenye migomba na panga mkononi mpaka sauti iishe. Jumapili nikitoka kanisani nilipitia uwanjani kumtazama akitua. Alasiri upepo wa mlima Meru husukuma ndege ndogo ubavuni. Rubani huja pua ikiwa imeelekea upepo, kisha huinyoosha dakika ya mwisho, kabla magurudumu hayajagusa lami. Kaka akikosea, ndege ikadunda, nilifurahi siku nzima. Akitua vizuri, chakula hakikupita.

"Leo shemeji katua vizuri, naona," mke wangu alinitania. "Ugali wote umebaki."

Kila Krismasi kaka alikuja na mchele, soda na swali lilelile: "Mdogo wangu, utapanda na mimi lini?"

"Na ng'ombe utawakamua wewe? Utawashika mkia ukidhani ni usukani."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka juzi kaka alikuja baada ya daktari kumwambia kwamba macho yake hayatapita tena kwenye uchunguzi wa leseni. "Njoo basi, mzee mwenzangu. Nisistaafu sijakubeba."

Nilikwenda. Tuliruka mchana, tukazunguka Meru hadi upande ule ulioporomoka, ambako unaona mpaka ndani ya shimo lake. Kaka akaachia usukani. "Shika." Nikashika. Mikono ilikumbuka. Ndege ilitulia.

"Ah! Bado unaweza!" akasema kwa furaha. "Wewe ndiye ulipaswa kukalia hiki kiti cha kushoto, cha rubani."

Hakuna tusi lililowahi kunichoma vile. Kama alijua, kwa nini alikikalia miaka yote hiyo?

Tulipokaribia uwanja aliuchukua usukani. Upepo ulitupiga ubavuni. Aligeuza pua kidogo kuelekea mlimani, akashuka taratibu, akainyoosha, na magurudumu yakagusa lami bila mimi kusikia kitu. Sijawahi kuona ndege ikitua vile. Akazima injini, akanigeukia, uso umechangamka.

"Vipi?"

"Umeibwaga," nikasema. "Kama gunia la mahindi. Yule Mgiriki angekuona, angejuta kukufundisha."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Haya," alisema. Akashuka.

Ile ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Krismasi iliyofuata hakuja. Nilimfuata Lemara anakoishi, nikamwambia nilidanganya, kwamba alitua vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Akanimiminia chai na kuniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Tuliongea habari za mvua mpaka chai ikaisha.

Nikikumbuka ile "Sawa, baba," hesabu yake naijua. Sikuwa rubani, na nikajaa wivu ulionifanya nimpoteze kaka yangu, naye bado yu hai.